Anka, matundu au skrubu na washa: ukiwa Dodoma, kifaa gani cha kurudishia kano kwenye mfupa ndo cha kubuni?

Wakuu, hii nawaandikia hasa vijana wa vifaa tiba na mafundi mnaokaa karibu na madaktari wa mifupa hapa Dodoma, maana kila ukifika msimu wa kuchagua mradi naona watu wanakimbilia kitu kilekile, anka, yaani kale kaskrubu kenye uzi kanakoingizwa kwenye mfupa ili kushika kano. Mtu anachora kaskrubu kazuri kenye meno kwenye kompyuta, anakaprinti kwa plastiki, kanapigwa picha, kanapewa jina la Kiingereza, afu kanaishia kwenye droo. Sa tuziweke njia zote mezani tuzilinganishe, ili anayetaka kubuni ajue anaingia wapi na itamgharimu nini.

Msimamo wangu nautoa mapema msije mkasema nimewazungusha: kwa hapa kwetu, kama una nguvu ya kubuni kitu kimoja tu, buni zana za kutoboa mfupa na kupitisha uzi, achana kwanza na kile kinachobaki ndani ya mwili wa mgonjwa. Kuna hali ambazo naweza kukubaliana na wewe ukichagua tofauti, na hizo nitazitaja.

Kwanza tuelewane daktari anahitaji nini. Bodaboda imeanguka, goti limejikunja huku msuli wa paja umekaza, kano iliyo chini ya pia ya goti imekatika au imeng'oka na kipande cha mfupa. Au mama wa miaka 65 hawezi tena kuinua mkono kufikia kabati, kano za bega zimechanika zimejivuta ndani. Au kijana wa mpira, bega linachomoka kila akidaka. Wote hao kano au ligamenti inatakiwa irudi kwenye mfupa, ikae imeugusa, isiachie mwanya, na ibaki hivyo mpaka mwili wenyewe uote nyuzinyuzi za kuunganisha. Hiyo ni kazi ya wiki sita hadi kumi na mbili kwa mshiko wa kuanzia, na inaendelea kukomaa kwa miezi baada ya hapo. Daktari wa mifupa wa Uswisi, Christian Gerber, na wenzake mwaka 1994 waliiweka vizuri sana, kwamba ushonaji mzuri ni ule wenye nguvu ya kutosha siku ya kwanza, mwanya mdogo kabisa, na uimara unaodumu mpaka kidonda cha kano na mfupa kipone. Kwa hiyo kifaa chako kina kazi ya miezi kadhaa tu, baada ya hapo ama hakina maana ama ni usumbufu. Hilo likae kichwani tunapolinganisha.

La pili, na hapa ndo wengi hawapaangalii: mshiko wote ni mnyororo. Kano inashikwa na uzi, uzi unashikwa na fundo, uzi unapita kwenye jicho la anka, anka imeshika mfupa. Zamani uzi ulikuwa unakatika, au jicho la chuma lenye kona kali linausaga uzi mpaka unaachia. Zikaja nyuzi za polithini ya molekuli ndefu, zile ngumu kama FiberWire, uzi ukaacha kukatika. Tatizo likahamia kwingine, sa hivi kwenye mabega mengi yanayofeli utakuta anka iko palepale, uzi mzima, fundo zima, ila uzi umeikata kano na kupita katikati yake. Yaani we unahangaika na meno ya skrubu wakati panapoachia ni kwenye nyama. Ndo maana aina ya mshono, ule wa Krackow wa mwaka 1986 unaopanda pembeni mwa kano na kujifunga kila hatua, au Mason-Allen aliyoiboresha Gerber, inaweza kukupa faida kuliko anka mpya. Ukiniambia mradi wako ni kifaa cha kupitisha uzi kwenye kano haraka bila kuichana, nitakuheshimu kuliko wa kaskrubu.

Haya, njia zenyewe.

Matundu kwenye mfupa

Hii ndo ya zamani kuliko zote. Codman wa Boston aliripoti mwaka 1911 namna alivyoshonea kano ya bega iliyochanika, na mpaka leo njia ya kutoboa mfupa, kupitisha uzi na kufunga fundo juu ya daraja la mfupa haijafa. Kwenye goti unatoboa matundu matatu kwa urefu wa pia ya goti na drili ya milimita 2 au 2.5, nyuzi zinatokea upande wa juu, unafunga. Hakuna kitu cha kununua zaidi ya uzi. Hakuna chuma kinachobaki, hakuna plastiki inayobaki, na uzi wowote mzuri wa namba 2 au 5 unatumika, hata ule wa poliesta ambao unapatikana kirahisi zaidi kuliko hizi za kisasa.

Ubaya wake unajulikana. Kidonda kinakuwa kirefu. Inachukua muda, na muda wa thieta ni hela na ni usingizi wa mgonjwa. Kupitisha uzi kwenye tundu lenye kona ni mateso, daktari anachokonoa gizani na waya uliopindwa kwa mkono. Matundu yakikaribiana yanavunjikiana, yakienda pembeni yanatokea kwenye uso wa jointi, na hiyo ni hatari kweli. Na kwa mtu mzima mwenye mfupa laini uzi unaweza kuukata mfupa taratibu mpaka mshono unalegea, hivyo daraja la mfupa kati ya matundu liwe nene, watu wengi wanalenga angalau sentimita 1, na tundu litokee chini kidogo ya ncha ya mfupa wa bega ambako ganda ni gumu zaidi.

Sasa zitazame hizo lawama zote moja moja. Muda, uzi kutopita, tundu kwenda siko, matundu kuvunjikiana. Zote ni shida za zana! Njia yenyewe haina kosa hapo. Hapo ndo nafasi ya mbunifu ilipo, na kwa mtaji mdogo. Hata makampuni ya nje yaliliona, Tornier walitoa ArthroTunneler, kifaa cha kutengeneza matundu mawili yanayokutana ndani ya mfupa wa bega kwa kutumia kamera ya jointi. Kwa hiyo wazo siyo la kimaskini kama watu wanavyodhani.

Cha kubuni ni kielekezi: mkono mmoja unakaa kwenye tundu la kwanza, mkono wa pili umebeba mrija wa drili unaolenga tundu la pili ili yakutane. Inaonekana kazi ndogo mpaka upige hesabu. Kama mkono wa kielekezi una urefu wa milimita 60 na umepinda kwa digrii 1 tu, ncha ya drili inakosea kama milimita 1. Tundu lako ni milimita 2.5, ukikosea 1 bado yanagusana ila uzi unapita kwa shida, ukikosea 2 yanagusana pembeni tu na uzi haupiti, ukizidi 2.5 hayajakutana kabisa. Na digrii moja inapotea kirahisi mno, kidogo kwenye mrija uliolegea kuzunguka drili, kidogo kwenye mkono kupinda daktari akiegemea, kidogo kwenye ungio la skrubu lililochakaa baada ya kuchemshwa mara nyingi. Kwa hiyo mkono uwe mfupi na mnene, mrija uwe mrefu na uibane drili, na maungio yawe machache. Afu ndani weka kinasa uzi, kitanzi cha waya laini kinachoingia tundu moja na kudaka uzi unaotokea tundu la pili. Ukimaliza hapo una kitu ambacho hospitali ya wilaya, iwe Mpwapwa iwe Kondoa, inaweza kukitumia bila eksirei ya thieta na bila kuagiza kitu kila wiki.

Kama unadhani nabuni ndoto, angalia SIGN, lile shirika la Lewis Zirkle la Marekani lililoanza mwaka 1999. Shida ilikuwa kufunga misumari ndani ya mfupa wa paja na mguu bila eksirei ya moja kwa moja, wao wakaweka akili nyingi kwenye mkono wa kulengea matundu ya skrubu na vile vijiti vya kutafutia tundu. Na mfumo huo umetumika sana hapahapa Tanzania, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakiwemo. Msumari wenyewe ni msumari. Zana zake ndo zilizouwezesha kufanya kazi pasipokuwa na mashine ya bei kubwa.

Anka ya chuma

Zilianza kushika kasi miaka ya 1980, na sababu ni ileile, madaktari walichoka kupitisha uzi kwenye matundu. Unatoboa au unagonga kitobozi, unaingiza kaskrubu kenye uzi tayari, unashona. Haraka, kidonda kidogo, na ukiwa na kamera unafanya kazi yote kwa vitundu. Kwenye ukingo wa kikombe cha bega, kwa yule kijana ambaye bega linachomoka, anka inashinda matundu waziwazi, sibishani, kutoboa pale kwa njia ya zamani ni kazi ngumu isiyo na sababu.

Kwa upande wa kubuni, mshiko wa skrubu kwenye mfupa wa sponji una hesabu yake, ile ya Chapman na wenzake ya mwaka 1996: nguvu ya kung'oka inalingana na nguvu ya mfupa wenyewe, mara urefu wa meno, mara kipenyo cha nje, mara kigezo cha umbo la meno, ambacho ni 0.5 jumlisha 0.577 mara kina cha jino gawanya kwa umbali wa jino hadi jino. Chukua anka ya kipenyo cha nje 5 mm, umbali wa meno 2 mm. Kiini kikiwa 4 mm, kina cha jino ni 0.5 na kigezo kinatoka kama 0.64. Ukipunguza kiini kiwe 3 mm, kina kinakuwa 1 na kigezo 0.79. Umepata mshiko zaidi kwa asilimia kama 22 bila kuongeza ukubwa wa tundu. Safi? Subiri. Nguvu ya kiini kuhimili kusokotwa inaenda kwa kipenyo × kipenyo × kipenyo, na kiini kimeshuka kutoka 4 hadi 3, yaani 0.75 × 0.75 × 0.75 unapata 0.42, umepoteza zaidi ya nusu. Titani inaweza kuvumilia. Plastiki kwenye mfupa mgumu wa kijana wa miaka 22 inakatikia mkononi, na hapo daktari anaanza kutafuta vipande. Na bado hujatoboa jicho la uzi.

Kuhusu pembe ya kuingiza kuna hadithi nzuri ambayo sisi watu wa mifugo tutaielewa bila mchoro. Stephen Burkhart, daktari wa mifupa wa San Antonio, mwaka 1995 aliandika kuhusu uzio wa ng'ombe kule kusini mwa Texas: ile nguzo ya kona inavutwa na waya uliofungwa kwenye kitu kizito kilichozikwa ardhini, na uimara unategemea pembe ya waya. Akasema anka nayo iingie imelala, pembe isizidi digrii 45, ili uzi ukivuta anka izidi kujibana. Mtu yeyote aliyesimamisha zizi Bahi au Kongwa anajua hicho kitu. Ila msiinukuu kama aya, vipimo vya baadaye kwa anka zenye meno vimeonyesha kuwa kuingiza wima kunaweza kuwa sawa au hata bora, kwa sababu meno yanashika kwa namna nyingine na kitu kilichozikwa. Kwa hiyo kielekezi chako kiruhusu pembe zote mbili.

Uzuri mwingine wa chuma ambao kwetu una uzito: inaonekana kwenye eksirei ya kawaida. Ikihama unaiona. Ulaya na Marekani wanalalamika titani inachafua picha ya MRI, ni kweli, ila mgonjwa wa Chamwino atapigwa eksirei mara nyingi kabla hajawahi kuingia kwenye MRI. Hatari yake ni pale inapolegea ndani ya jointi, chuma kinasaga gegedu mpaka linaisha, na hiyo haina suluhisho rahisi.

Utengenezaji: titani ya vipandikizi ni ile Ti-6Al-4V ELI, ina kiwango chake, ina cheti cha kundi la uzalishaji. Kukereza kitu cha 5 mm chenye jicho ndani kunahitaji mashine ya kukereza vitu vidogo sana, halafu usafishaji wa mafuta yote, halafu ufungashaji. Sijaona karakana ya mtaani itakayokufanyia hivyo, na prototaipu moja siyo bidhaa.

PEEK

Hii ni plastiki ngumu ya bei, haiyeyuki mwilini, haionekani kwenye eksirei, haichafui MRI. Ugumu wake wa kupinda ni gigapaskali 3 hadi 4, mfupa mgumu uko kwenye 15 hadi 20, titani ni kama 110. Inavumilia otokleva (ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) bila shida maana inayeyuka kwenye nyuzi joto 343. Daktari akirudia upasuaji anaweza kuitoboa na drili ya kawaida akapita. Kibaya, mfupa haujishikizi nayo vizuri, na ikihama kwenye eksirei unaona tundu tu. Kama una fedha za mradi na mtu wa mashine, mi naona PEEK ni rahisi kukereza kuliko titani, ila malighafi ya daraja la vipandikizi siyo ile fimbo ya kahawia inayouzwa kwa viwanda. Usichanganye hizo mbili hata siku moja.

Zinazoyeyuka

Kwenye makaratasi ndo bora kuliko zote, si nimesema kazi ni ya miezi tu? Kitu kinashika, kinayeyuka, mfupa unajaza. Kwenye mwili mambo yalikuwa tofauti. PLLA ya mwanzo, plastiki inayotokana na asidi ya laktiki, inachukua miaka kupotea, na kwa baadhi ya wagonjwa mfupa ulioizunguka ukalika, mashimo yakatokea, vipande vikaelea kwenye jointi. Zikaja mchanganyiko na kalsiamu fosfati, zina nafuu, mfupa unaingia vizuri zaidi.

Lakini shida yangu kubwa na hizi ni jua letu na barabara zetu. PLLA inaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 60. Sa fikiria kasha limekaa nyuma ya gari lililofungwa vioo, limepaki juani nje ya ofisi mwezi wa kumi na moja, mtu ameingia kusaini karatasi. Unyevu nao unaanza kuivunja hata kabla haijaingia mwilini, ndo maana zinakuja kwenye mfuko wa foili. Na huwezi kuziingiza otokleva, nyuzi 121 zinaimaliza, lazima gesi ya ethilini oksidi au mionzi kutoka kiwandani. Kifaa ambacho kinahitaji mnyororo wa utunzaji wa namna hiyo ukibunie hapa Dodoma kama mradi wa kwanza? Hapana. Kununua iliyo tayari kutoka kwa msambazaji anayejua kuitunza, sawa.

Za uzi mtupu

Hizi zinavutia, nakiri. Anka yenyewe ni mrija laini wa uzi uliosukwa, unaisukuma kwenye katundu ka chini ya milimita 2 kwa kikombe cha bega, ukivuta inajikunja kuwa kidonge chini ya ganda gumu la mfupa na haitoki. Hakuna chuma, mfupa unaotobolewa ni mdogo sana, unaweza kuweka kadhaa sehemu finyu. Mshiko wake wote uko kwenye ganda la nje, kwa hiyo kama ganda ni jembamba, kama kwa wazee, au ulilipiga msasa sana ukiandaa mahali pa kano, inateleza. Na lazima ivutwe kweli ijikunje kabla ya kushona, la sivyo itajikunja baadaye mgonjwa akianza mazoezi na kano italegea milimita kadhaa. Kwa mbunifu, changamoto iko kwenye ufumaji, na mashine ya kufuma uzi wa daraja hilo hatuna. Kuna tahadhari nyingine ndogo: nyuzi hizi za polithini zinayeyuka karibu na nyuzi 140 hadi 150, otokleva ya 134 iko karibu mno, usijaribu kurudisha uzi uliofunguliwa ukauchemsha ukasema umeokoa hela. Poliesta ndo inavumilia.

Skrubu na washa yenye meno

Watu wanaidharau hii. Skrubu ya kawaida ya mfupa, iliyopo tayari kwenye seti ya kila daktari wa mifupa, na washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu, yenye vimeno inayobana kano au ligamenti chini yake. Kama kano imeng'oka na kipande cha mfupa, au ligamenti ya ndani ya goti imetoka kwenye paja, hii inashika vizuri na bei yake haitishi. Ubaya inavimba chini ya ngozi, inaweza kuua nyama iliyobanwa, na wakati mwingine unarudi kuitoa. Kwenye bega sahau kabisa. Zuckerman na Matsen mwaka 1984 waliandika kuhusu madhara ya skrubu na pini za kubana kwenye jointi ya bega, na tangu hapo mtu mwenye akili hapeleki pini za kubana karibu na gegedu la bega. Kwa mbunifu washa ni kitu kinachowezekana kutengenezwa, ila ni kipandikizi, na stenlesi yake lazima iwe ile ya ASTM F138, kiwango cha Marekani cha chuma cha vipandikizi. Ile 316L ya dukani ni binamu yake tu, usafi wake hautoshi. Na usiweke washa ya stenlesi na skrubu ya titani.

Sheria inavyokata

Hapa ndo wengi mtaamua bila kusoma yaliyobaki. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao ofisi zao kuu ziko hapahapa Dodoma, wanapanga vifaa tiba kwa madaraja A hadi D kulingana na hatari, mfumo uleule wa kimataifa. Zana ya upasuaji inayotumika tena na tena kwa mkono iko A. Kipandikizi cha kukaa mwilini muda mrefu kiko C. Kinachoyeyuka mwilini kiko D, juu kabisa. Ukibuni kielekezi cha drili na kinasa uzi uko kwenye A, ukibuni anka ya PLLA uko kwenye D, na tofauti ya ushahidi unaotakiwa, vipimo vya sumu, vya uchovu wa chuma, vya usafi, ni kama ya kutembea hadi Mnadani na kutembea hadi Kigoma. Na kwa vyovyote vile kumgusa mgonjwa ni baada ya kibali cha maadili ya utafiti, daktari rafiki yako kukubali haitoshi.

Chuma cha zana na maji yetu

Kwa zana ncha za kutobolea zitake stenlesi inayokubali kuimarishwa kwa moto, 420 au 17-4, vipini vinaweza kuwa 304. Ila kuna jambo ambalo vitabu vya nje hawalitilii mkazo: maji ya visima vya huku yana chumvi na ugumu, kila mwenye birika anajua. Zana ikioshwa na maji hayo na kuingia otokleva bila kusuuzwa kwa maji yaliyochujwa, kloraidi inaanza kuitoboa vidoa, hasa hizo 420 ambazo ni dhaifu zaidi kwa kutu, na mrija mwembamba wa ndani unajaa magadi. Kwa hiyo mrija wa kielekezi chako ufunguke pande zote mbili, uweze kupitishwa brashi, kusiwe na kona ya ndani ya mraba, kusiwe na chemchemi iliyofichwa. Dada mmoja wa chumba cha kusafishia vifaa aliwahi kuniambia, "Mdogo wangu, nyie mnabuni kwa ajili ya daktari, anayekishika mara nyingi ni mimi." Nenda kaongee na watu kama yeye kabla hujachora.

Drili nayo. Drili za hospitali ni bei, wengi wanatumia drili ya betri ya fundi. Arbutus Medical wa Kanada, wazo lao lilitokana na kazi Uganda, walitengeneza mfuko unaochemshika wa kuifunika drili ya kawaida ili itumike thieta kwa usafi. Hakikisha kielekezi chako kinapokea drili za aina zote mbili.

Kupima

Usipime kwenye mbao. Kuna povu la poliyuretheni lenye viwango, ASTM F1839, linaiga mfupa wa msongamano tofauti, ukilipata ni zuri kwa kulinganisha anka na anka. Kwa mshono mzima mfupa wa kondoo hauna mpinzani, Gerber mwenyewe alitumia kano za bega za kondoo, na hapa kondoo hatuwatafuti mbali, mnada wa Msalato upo. Chukua bega zima bichi, usiligandishe na kuyeyusha mara nyingi, lisikauke. Na usivute mara moja mpaka likatike ukashangilia Newton, vuta na kuachia kwa mzigo mdogo mamia ya mara, pima mwanya unavyokua, milimita 5 tayari ni habari mbaya. Andika kila mara nini kimeachia: kano, uzi, fundo, au mfupa. Ukikuta karibu zote ni kano iliyokatwa na uzi, hapo ujue kubadilisha njia ya kushika mfupa hakutakuongezea kitu.

Kwa hiyo nani achague nini

Kama uko UDOM au chuo chochote na una mwaka mmoja na hela za kuunga unga, kielekezi na kinasa uzi kwa ajili ya goti, uanzie pia ya goti maana ni mfupa wa juujuu na wagonjwa wapo. Kama kikundi chenu kina mtu wa kufuma au kushona, kifaa cha kupitisha uzi kwenye kano. Kama ni hospitali inanunua na ina daktari wa kamera ya jointi, nunueni anka zilizosajiliwa, za chuma au PEEK, za saizi chache, na msitoe zote kwa mabega ya wazee wakati matundu yangetosha. Kwa mfupa laini sana kuna wazo ambalo nalipenda na halijachoka: kabamba kadogo ka chuma kenye matundu mawili, kanakaa nje ya ganda la mfupa chini ya fundo, uzi usilikate daraja. Ni kipandikizi, najua, ni daraja C, ila ni kipande bapa kisicho na meno wala jicho la ndani, na ukikifanikisha kinaenda sambamba na kielekezi ulichokwishatengeneza.

Anayetaka bado kubuni anka ya skrubu, sawa, anza na vipenyo vya 4.5 na 5.5, jicho la uzi liwe la mviringo lililong'arishwa ndani, na uje na hesabu ya kusokotwa kabla ya mchoro wa rangi.